Mkebe Namba Nane

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubonyeza miguu ya watoto. Unashika unyayo kwa mkono wa kushoto, unaweka dole gumba la kulia juu ya mguu karibu na kifundo, unabonyeza, unahesabu moja mpaka tano, unaachia. Nyama ikirudi, vizuri. Likibaki shimo, hayo ni maji, na mtoto huyo unamwandika kwenye ukurasa wa pili wa daftari. Nilifanya hivyo mara nyingi hata nikawa nabonyeza bila kufikiri, kama mtu anayechambua maharage huku akiongea na jirani. Sasa nina umri wa kuitwa babu na kila ninayekutana naye njiani, na dole gumba hili bado linahesabu.

Nilikuwa dresa. Wamasai waliniita daktari, nami sikuwasahihisha. Nilizaliwa Ganako, kwenye shamba la mahindi na ng'ombe sita, nikasoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, nikafundishwa kufunga vidonda, kuchoma sindano na kupima watoto. Kisha, mwaka ule wa ukame kabla ya Uhuru, nikapelekwa peke yangu kwenye dispensari ya vyumba viwili huko juu, upande wa Nainokanoka. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na koti jeupe moja. Nililifua kila Jumamosi, na kwa ukungu wa kule lilichukua siku mbili kukauka, kwa hiyo Jumatatu nilifanya kazi nikiwa na baridi mgongoni. Nilikuwa na hasira za haraka. Nilidhani hasira ni sehemu ya kazi.

Kwetu Ganako nilikuwa nimezoea watoto wanaovimba. Chakula kilikuwapo: ugali asubuhi, ugali jioni, mboga kidogo pembeni. Tumbo lilijaa. Lakini mtoto akiachishwa ziwa mapema kwa sababu mama ana mimba nyingine, aliwekwa kwenye ugali na kuachwa hapo. Baada ya miezi kadhaa mashavu yanajaa, miguu inajaa, nywele zinapauka na kuwa nyekundunyekundu, ngozi ya mapaja inabanduka kama rangi ya mlango wa zamani. Majirani walisema amebemendwa, maana yake baba na mama hawakujizuia, wakamharibu mtoto kwa haraka yao. Basi wazazi walimficha ndani. Nilikuwa na binamu wawili waliofichwa hivyo, na mmoja wao simkumbuki sura, maana alifichwa vizuri.

Kwa wafugaji ilikuwa kinyume. Kwao chakula ni maziwa, na maziwa yakipungua yanapungua kwa kila mtu, na mtoto anakauka. Mwalimu wetu wa udresa alituambia kwamba mwili usiopewa chakula unajila wenyewe. Unaanza na mafuta, unakuja kwenye nyama ya makalio na mapaja, kisha unaingia ndani, na moyo nao ni nyama. Mtoto wa namna hiyo ana uso wa mzee na ngozi inayoning'inia nyuma kama suruali ya kuazima. Lakini ana njaa. Anakutazama, anaufuata mkono wako kwa macho. Aliyevimba hana njaa. Hataki kitu, hachezi, ukimgusa anaguna, na baadaye hata hilo anaacha. Mwalimu alisema mkimsikia mtoto wa ukurasa wa pili analia kwa sauti, shukuruni.

Mwaka ule nyasi za Olbalbal, bondeni chini yetu, ziliisha mapema, maji yakafuata. Wafugaji wakapanda juu kwetu na mifugo iliyobaki, na huko juu ng'ombe wa nchi kavu walikutana na kupe na baridi, wakafa kwa ndigana, homa ya kupe. Baadhi ya familia zilikuwa zimehamia Olbalbal muda si mrefu kutoka upande wa Serengeti, kwa hiyo hiyo ilikuwa mara ya pili wanafunga mizigo. Lori likaanza kuja kutoka Karatu kila baada ya wiki mbili na mahindi ya njano ya msaada, na mapipa ya karatasi ngumu yenye maziwa ya unga. Mahindi waligawa wengine. Maziwa niligawa mimi. Kina mama walipika mahindi yale uji mtupu, wakawapa watoto waliokwisha kukauka, na watoto wakavu wakaanza kuvimba. Nikawa na magonjwa mawili ndani ya mtoto mmoja.

Kwa ajili ya maziwa niliomba mikebe mitupu kwa muuza duka mmoja wa Karatu, mzee wa Kiislamu aliyeitunza nyuma ya duka bila kujua ya nini. Nikaandika namba juu ya kila mkebe kwa rangi nyekundu. Mtoto mmoja, mkebe mmoja. Kila Jumanne mama analeta mtoto na mkebe, mtoto anapimwa, mkebe unajazwa. Nilijivunia sana mpango huo, na mganga wa wilaya alipopita aliusifu.

Mkebe namba nane ulikuwa wa mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi. Mama yake alikuwa msichana tu, amenyoa kichwa, na boma lao lilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwangu. Kimasai changu kilikuwa cha kuombea maji na kuulizia njia. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani. Tulielewana. Siku ya kwanza aliingia akitabasamu.

"Daktari, huyu anapona," alisema, akimteremsha mtoto mgongoni. "Zamani alikuwa mifupa. Angalia sasa, amenona."

Mashavu yalikuwa yamejaa kweli. Miguu nayo. Mabega na mbavu zilikuwa za mtoto mwingine.

Kwa Wamasai mtoto hamwamkii mkubwa kwa mdomo. Anainamisha kichwa, na mkubwa anaweka kiganja juu yake, hapo mmeshasalimiana. Hata mtoto anayejifunza kutembea anajua. Huyu alisimama tu akitazama mguu wa meza. Mama akamsukuma kisogo kidogo, kichwa kikainama, nami nikaweka kiganja. Nilipokiondoa, nywele fupi zilikuja nacho. Mtoto hakuhisi kitu.

Nikamketisha, nikabonyeza mguu, nikahesabu mpaka tano. Shimo lilibaki, na mama akainama kulitazama. Akaweka kidole chake mle ndani ya shimo, taratibu, kana kwamba anaangalia kama linamwuma mwanawe. Tabasamu lilikwisha hapo.

"Siyo mafuta," nilimwambia. "Ni maji. Anakufa na njaa huku amejaa maji."

Ningeweza kusema kwa namna nyingine. Nilimpima kwa ile mizani ya kuning'iniza: ratili ishirini na moja, kama kilo tisa na nusu za siku hizi. Nikamwonyesha jinsi ya kukoroga unga kwenye maji yaliyochemka, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, maana tumbo lililosahau chakula ukilijaza ghafla unaua. Alirudia kila hatua kwa mikono yake mitupu hewani mpaka nikaridhika. Nikampa mkebe namba nane.

Wiki iliyofuata mtoto alikuwa ratili kumi na tisa, na mama alinitazama kama mwizi.

"Umemkausha," alisema.

Nikamweleza kuwa maji yanatoka, kwamba lazima ashuke kwanza ndipo apande. Hakuniamini, lakini Jumanne alirudi. Wiki ya tatu kumi na nane. Mashavu yalikuwa yamekwisha na uso wa kizee umerudi, na ndani ya uso huo macho yakaanza kunifuata. Wiki ya nne nilipomweka kwenye mfuko wa mizani alilia. Alilia kwa nguvu, akinipiga mateke, mpaka wanawake waliokuwa kwenye benchi nje wakacheka. Nami nilicheka. Nilifurahi sana siku ile, na nakumbuka furaha hiyo vizuri kuliko mambo mengi ya baadaye. Ratili kumi na tisa.

Wiki ya tano aliingia kwa miguu yake mwenyewe. Alitembea kutoka mlangoni mpaka kwenye meza, akasimama mbele yangu, akainamisha kichwa bila kusukumwa, akasubiri. Niliweka kiganja. Nywele zilibaki mahali pake.

Halafu mizani ikasimama. Wiki ya sita kumi na tisa. Wiki ya saba kumi na tisa kasoro. Wiki ya nane kumi na nane na nusu, na nilipombonyeza mguu nilidhani nimeona kivuli cha shimo.

"Maziwa unampa?" nilimwuliza mama.

"Nampa."

"Yote?"

Aliutazama mkebe mapajani mwake.

"Nampa," alisema.

Alhamisi nilifunga dispensari mchana, nikaenda kwao. Sikumwambia mtu. Njia yote nilikuwa napanga maneno, nikijua tayari kuna mtu nitamkaripia, ila nilikuwa sijamjua bado.

Boma lilikuwa la miiba mipya, vibanda vitatu, na harufu ya ngozi mbichi ya ng'ombe waliokufa. Walikuwa wameondoka Olbalbal na ng'ombe arobaini. Nje walisimama saba, mmoja mwenye kiwele. Mtoto wangu wa namba nane alikuwa amekaa mlangoni juani, shuka mabegani. Hatua chache kutoka kwake baba yake alikuwa amechuchumaa, mwanamume wa makamo, mrefu, na mbele yake ndama mwekundu mwenye magoti yanayotetemeka. Baba alikuwa na nusu ya kibuyu chenye maziwa. Alichovya vidole viwili, akavitia kinywani mwa ndama, ndama akanyonya, naye baba akakishusha kichwa cha ndama polepole mpaka midomo ikafika kwenye maziwa yenyewe. Kando ya goti lake ulikuwapo mkebe namba nane, mfuniko wazi.

"Sopa," alinisalimu, bila kuinuka, ili ndama asikatize.

Sikuitikia. Alikuwa na umri wa baba yangu mdogo, na neno langu la kwanza kwake lilikuwa: "Wewe!"

Akainua macho.

"Hayo maziwa ni ya nani?"

Alilifikiria swali langu kana kwamba ni swali. "Ya kwetu," alisema. "Si ulitupa wewe?"

"Nilimpa mtoto! Serikali imempa mtoto. Haikumpa ng'ombe."

"Kaa chini, daktari."

"Sikai."

"Haya. Sikia basi." Aliongea Kiswahili polepole, akichagua. "Ng'ombe ya maziwa imebaki moja. Ile pale. Maziwa yake haitoshi ndama na watoto pamoja. Nikiachia ndama inyonye yote, watoto hawana. Nikikamua yote, ndama inakufa. Ndama ikikufa, mama yake inafunga maziwa. Ikifunga, tunakunywa nini? Unga yako iko leo. Lori ikikosa kuja?"

"Kwa hiyo mtoto afe ili ndama apone."

"Hapana." Aliinua vile vidole viwili vilivyolowa maziwa. "Ndama ipone. Mtoto ipone. Nagawa. Mtoto asubuhi na jioni, ndama mchana."

Nilikuwa na koti langu jeupe. Nilikuwa na jedwali la mwalimu kichwani: umri huu, uzito huu, maziwa kiasi hiki. Ndama hakuwamo. Nikachukua mkebe kutoka kando ya goti lake, nikamimina unga uliobaki ndani ya mfuko wangu wa begani, nikamrudishia mkebe mtupu.

"Kuanzia kesho mama atamleta mtoto kila siku dispensari," nilisema. "Aje na mkebe. Atanywea humo mbele ya macho yangu. Unga hautoki tena nje ya mlango wangu."

Nilitegemea abishe. Alikaa hivyo hivyo, vidole amevirudisha mdomoni mwa ndama, ndama akiramba mpaka hakukuwa na cha kuramba.

"Sawa, daktari," alisema.

Nilipopita mlangoni mtoto aliinamisha kichwa. Niliweka kiganja haraka nikaendelea na safari. Nilijisikia vizuri. Nilitembea saa moja na nusu nikijisikia vizuri, na sina sababu ya kulificha hilo.

Mama alikuja kesho yake, na keshokutwa, na siku iliyofuata. Alifika amechoka, mtoto mgongoni, mkebe umefungwa kiunoni kwa ukanda wa ngozi. Mtoto alikunywa mkebe ukiwa umemfunika uso, nikisikia pumzi yake ndani ya bati. Alikunywa asubuhi, tena mchana, kisha wakarudi kwao. Siku ya nne nilimpima hata kabla ya Jumanne, kwa kiherehere changu. Alikuwa ameongezeka nusu ratili. Nilimwita mama aje aone mshale wa mizani.

Aliutazama mshale.

"Ndama amekufa," alisema.

"Pole," nilisema, nikaandika nusu ratili.

Hapo ndipo nilipaswa kukumbuka. Nimezaliwa kwenye ng'ombe. Kabla sijajua kusoma nilijua kwamba ng'ombe wetu hawa hawaachii maziwa mpaka ndama wake aguse chuchu kwanza. Kila asubuhi ya utoto wangu nilishika kamba ya ndama: anaachiwa anyonye kidogo, maziwa yanashuka, anavutwa pembeni, mama yangu anakamua. Nilijua hilo kama ninavyojua mkono wangu wa kulia. Lakini nilikuwa nimelivua pamoja na nguo za nyumbani siku nilipovaa koti, na sikulikumbuka.

Siku mbili hakuja. Siku ya tatu alikuja, akanieleza akiwa amekaa chini, si kwenye benchi. Mumewe alikuwa amemchuna ndama, akaijaza ngozi majani makavu, akaishona, akamsimamishia ng'ombe ili adhani mwanawe yupo. Ng'ombe aliinusa ngozi, akairamba kidogo, akapiga teke. Siku iliyofuata alikuwa amefunga kabisa. Sasa watoto wakubwa wawili na bibi yao walikuwa wanakula mahindi ya njano matupu, na yeye mwenyewe pia. Aliyasema haya bila kunilaumu, akimshikia mwanawe mkebe anywe. Niliutazama mkono ulioshika mkebe. Ngozi ya juu ya kiwiko ilikuwa imelegea. Kama angekuwa mtoto ningemwandika kwenye ukurasa wa kwanza, wa waliokauka.

"Daktari," alisema, "nipe unga niende nao. Wiki moja. Njia ni ndefu."

Pipa lilikuwa nyuma yangu. Lilikuwa limejaa zaidi ya nusu. Nilikuwa nimeshasema unga hautoki nje ya mlango wangu, na nilikuwa mtu wa kusema jambo mara moja.

"Akinywea hapa ndiyo nina uhakika," nilimjibu.

Alifunga mkebe kiunoni, akambeba mtoto. Mtoto alinitazama kutoka mgongoni mpaka walipopinda njia.

Hakuja kesho yake. Ukungu ulishuka, ukakaa chini siku nyingi, siku ambazo hata ndege hawakulia. Nilijiambia watakuja ukiondoka. Sikwenda kwao. Nilikuwa na wagonjwa wengine, hilo ni kweli, na nilikuwa nimekasirika, hilo nalo ni kweli: nilimkasirikia mama kwa kutokuja. Siku ya kumi nilifungua daftari, nikatafuta namba nane, na kwenye safu ya mwisho nikaandika: mtoro.

Baba alikuja Jumatatu. Alisimama nje, amejifunika blanketi, akiwaacha wengine wote wapite mbele yake, hata waliofika baada yake. Benchi lilipobaki tupu aliingia.

"Sopa, daktari."

"Epa," niliitikia safari hii.

Alitoa mkebe ndani ya blanketi, akauweka mezani. Ulikuwa umesuguliwa kwa majivu mpaka ukang'aa, na namba nane ilikuwa imeanza kufutika.

"Mkebe ya serikali," alisema.

"Mtoto yuko wapi?"

"Hayuko."

Wao aliyekufa hawamtaji, jina lake linaachwa. Nilijua hivyo, lakini niliuliza tena, kwa sauti ya kazini. Niliuliza kama aliharisha, kama alikohoa, kama alipata homa.

"Alikuwa baridi," alisema baba. "Miguu ilijaa tena. Tulimpa uji, hakutaka. Tulimweka katikati yetu, akawa baridi tu. Hakulia."

Nilisubiri anitukane. Nilimpa nafasi. Alikuwa anaangalia mizani.

"Iko mtoto mwingine anaweza kutumia," alisema, akiusogeza mkebe upande wangu kwa kidole. "Sisi tunahama."

Akatoka. Nilifungua daftari, nikafuta neno "mtoro", nikaandika "amefariki". Safu ya sababu ilikuwa nyembamba, inatosha neno moja. Niliandika "kuvimba". Ndama hakuwa na safu.

Sikulia. Sijisifu kwa hilo wala sijitetei. Nilichemsha chai, nikainywa, nikaosha kikombe. Jioni nilikula viazi. Moyo ulikuwa kama ule mguu ulioukalia vibaya ukafa ganzi: unajua ni wako, unaupiga kofi, hausikii. Nilingoja siku mbili tatu ganzi iishe na maumivu yaje, maana ndivyo mguu unavyofanya. Hayakuja. Niliendelea kubonyeza miguu na kuhesabu. Nilikuwa mpole zaidi na watu, wakasema daktari amebadilika, lakini haukuwa upole. Hasira zilikuwa zimekwisha pamoja na mengine yote.

Nitasema sasa nilichofanya baadaye, nisije nikamalizia nacho ikaonekana ni malipo. Nyumba ikiwa na ng'ombe mmoja tu wa kukamuliwa, niliipa mikebe miwili. Sikuuliza wa pili unakwenda wapi. Kwenye daftari niliandika watoto wawili, na hakuna aliyewahi kuja kuwahesabu. Baadhi ya watoto hao walipona na wengine hawakupona. Mkebe namba nane nilimpa mtoto wa kiume aliyepona.

Lakini kabla ya hayo nilipewa likizo ya wiki moja. Nilipanda lori la mahindi likirudi tupu, tukapita ukingo wa kreta, tukashuka Karatu, nikatembea mpaka Ganako. Mama yangu alinitazama, akasema nimekonda, akaniacha nilale.

Asubuhi nilimkuta akikamua. Ilikuwa kama nilivyoiacha: kigoda kidogo, kibuyu katikati ya magoti, ndama amefungwa kwenye mguu wa mbele wa mama yake ili amnuse. Nikaifungua kamba ya ndama, nikaishika mimi bila kuambiwa. Nikamsimulia huku akikamua, kwa sababu hivyo hakuwa ananitazama. Nilimsimulia yote, mkebe, vidole viwili, pipa lililokuwa nyuma yangu. Mikono yake haikusimama.

Nilipomaliza alihamia chuchu nyingine. Kisha akasema, "Na wewe unadhani ulikuzwa na nini?"

"Na maziwa."

"Ya nani?"

Sikuelewa.

"Ulikuwa hujatembea vizuri," alisema, "njaa ikaingia. Tulibaki na ng'ombe mmoja wa kukamuliwa, mwekundu hivi hivi, na ndama wake hasimami. Ulezi ulikuwa kiganja kimoja kwa siku. Ulikuwa wako. Bibi yako alikuwa anaupika uji, nusu anampa ndama, mimi nimekushika usimfuate."

"Baba alikubali?"

"Nani angekataa? Ndama akifa, ungekunywa nini?"

Maneno yalikuwa yale yale ya yule baba, kwa lugha ya nyumbani. Nilishika kamba. Ndama alikuwa anaivuta kwa nguvu na kiganja kilikuwa kinaniuma, na hilo nililisikia.

"Ulilia sana kila siku," alisema mama. "Ulimwona ndama anakula uji wako, ukalia mpaka majirani wakaja kuuliza. Nikawaambia mwacheni alie, bado yupo."

Akamaliza. Akamimina maziwa kwenye kikombe cha bati, yakiwa bado na povu na joto la ng'ombe, akaninyooshea. Nilisema sitaki.

"Mwachie ndama kwanza," alisema.

Nikaachia kamba. Ndama akakimbilia kiwele, akakipiga kwa kichwa, akanyonya yaliyobaki mkia ukicheza. Mama alisimama na kikombe mkononi akinisubiri, na hakukishusha. Nikakipokea, nikanywa yote.